Miiba, joto na udongo mweusi: kwa anayejiandaa na mbio ndefu za baiskeli porini

Anayeingia mbio hizi mara ya kwanza hujiuliza kama miguu yake itamudu. Ni swali la haki, ila muda mwingi wa wageni huliwa na kusimama: pancha tatu, mnyororo uliokatika, tumbo lililokataa chakula, chupa iliyokauka kilomita 15 kabla ya kituo. Kwa nchi kavu kama Laikipia, Samburu au nyanda za Wamasai pande zote mbili za mpaka wa Kenya na Tanzania, maandalizi mazuri ni yale yanayokupunguzia visimamo. Tuanze na matairi, kwa sababu ndiyo yanayowatoa wengi.

Miiba ya pori hili ina tabia tofauti. Mgunga una miiba mirefu iliyonyooka inayoweza kupenya tairi la kawaida hadi ndani. Kikwata una miiba mifupi iliyopinda, nayo hurarua nguo na ngozi ya anayepita karibu mno na kichaka. Mbigili hutambaa chini, na matunda yake makavu yenye pembe ngumu hukaa katikati ya njia. Mgunga ukikutoboa utajua papo hapo. Mbigili hukuachia vitundu kumi vidogo usivyoviona, ukashangaa kwa nini tairi linalegea polepole.

Ndiyo maana hatumshauri mtu aanze mbio na tyubu. Funga tairi la tyubulesi, yaani lisilotumia tyubu, lenye kuta zilizoimarishwa, upana wa inchi 2.25 hadi 2.4, na umimine ndani yake maji ya kuzibia pancha, mililita 100 hadi 120 kwa tairi la inchi 29. Kwa joto letu maji hayo hukauka upesi, kwa hiyo yaliyotiwa miezi mitatu iliyopita yahesabu kuwa hayapo. Tikisa gurudumu karibu na sikio. Usiposikia kitu kikichezacheza ndani, ongeza. Fanya kazi hiyo wiki moja kabla, usingoje usiku wa kuamkia mbio, ili kama tairi linavuja kwenye ukingo wa rimu ulijue mapema.

Upepo nao huharibiwa kwa kudhani kwamba tairi gumu huzuia miiba. Tairi la psi 40 (psi ni kipimo cha upepo wa tairi) linarukaruka juu ya mawe, linachosha mikono na kukwama mchangani, na mwiba linaupata vilevile. Mtu wa kilo 70 aanze na psi 21 mbele na 24 nyuma, kisha ajaribu kwenye njia ya mawe. Ukisikia rimu ikigonga jiwe, ongeza psi 2. Pima kwa geji ndogo ya mkononi, kwa sababu pampu nyingi za vituo vya mafuta zimetengenezewa magari na hazisomi vizuri viwango vya chini hivyo.

Njiani, mwiba uliosimama tairini na upepo hautoki, uache. Ukianza kuvuja, uchomoe, geuza gurudumu tundu likae chini ili maji yalifikie, subiri nusu dakika. Tundu lisiloziba lichomekee kijiuzi cha kuzibia, kile wanachotumia mafundi wa magari lakini kidogo zaidi. Zoezi hili lifanye nyumbani kwenye tairi kuukuu mpaka ulimalize kwa dakika mbili.

Ikibidi kuweka tyubu, hapo pana hatari kubwa. Tairi lililopita pori kwa siku nzima limeshika ncha za miiba iliyokatikia ndani, na maji yalikuwa yakizificha zote. Ukiweka tyubu bila kuziondoa, itatoboka kabla ya kufika kilomita moja, na kwa kawaida una tyubu mbili tu. Livue tairi upande mmoja, pitisha kitambaa au glavu ndani yake pole pole, kuelekea mbele kisha kurudi nyuma. Kila kitambaa kinaponasa, sukuma ncha itoke nje, au ing'oe kwa koleo ndogo. Usitumie kidole kitupu. Kagua na upande wa nje, kwenye mashina ya meno ya tairi. Kazi hii inachukua dakika 10, nayo haina njia ya mkato.

Udongo mweusi wa mfinyanzi unastahili onyo lake peke yake. Ukikauka ni njia nzuri ya kukimbia. Ikinyesha hata kidogo, hugeuka ulimbo. Hushika tairi, hujaa kwenye uma wa mbele na kati ya gurudumu na fremu, na baada ya mita 50 gurudumu halizunguki. Mgeni huongeza nguvu kwenye pedali, na hapo mnyororo uliojaa matope huvuta mkono wa gia wa nyuma mpaka kile kipande chembamba kinachoushikilia kwenye fremu kinapinda au kukatika. Ukiona udongo unaanza kunata, shuka, toka kwenye alama za magari, tembea juu ya nyasi pembeni. Ukilazimika kuvuka, ibebe baiskeli kabla haijajaa, kwa sababu ikishajaa uzito wake huongezeka kilo kadhaa. Weka kijiti kigumu mfukoni cha kukwangulia, na nyumbani pakaa fremu na uma mafuta ya kupikia ya kupuliza au silikoni ili matope yasishike sana. Mafuta hayo yasiguse diski wala pedi za breki.

Kile kipande kinachoshikilia mkono wa gia kina umbo tofauti kwa karibu kila fremu, kwa hiyo beba cha baiskeli yako hasa, huwezi kuazima. Kikikatika na huna kingine, fupisha mnyororo, upitishe kwenye gia moja ya kati iliyonyooka na ya mbele, umalize mbio kwa gia hiyo. Kwa hilo unahitaji kikatia mnyororo, na viungo viwili vya kuunganishia vinavyolingana na idadi ya gia zako.

Mnyororo wenyewe upime kwa rula: weka pini moja kwenye sufuri, hesabu pini 24 mbele yake. Ukiwa mpya utasoma milimita 304.8. Kwa gia 11 au 12, ukipita 306 ubadilishe, na ubadilishe mapema ili uendeshe walau kilomita 100 kabla ya mbio: mnyororo mpya juu ya kaseti (seti ya gia za nyuma) iliyolika huruka meno kwenye mlima, pale unapouhitaji zaidi. Tumia mafuta makavu au nta. Oili ya injini hukusanya vumbi na kuwa unga unaosaga meno.

Vifaa vingine vya mfukoni: tyubu mbili, viraka na gundi, pampu, alenki, vijiuzi vitano, kipande cha tairi kuukuu cha kuwekea ndani ya mpasuko, vibano vya plastiki vichache, pedi moja ya akiba ya breki. Nati na skrubu zote zikaze siku mbili kabla, kisha endesha saa moja na uzikague tena. Barabara yenye mawimbi ya vumbi hulegeza vishikizo vya chupa kuliko kitu kingine chochote.

Mazoezi tutayapita haraka, kwa sababu hapa ushauri mwingi wa kawaida unafaa. Wiki 12 zinamtosha anayeendesha tayari mara tatu kwa wiki. Hesabu saa, usihesabu kilomita: kilomita 80 za mchanga na njia za ng'ombe zinaweza kula saa 6 hadi 8. Safari yako ndefu zaidi ifikie robo tatu ya muda unaoutarajia, wiki tatu kabla. Kama mbio ni za siku kadhaa, endesha Jumamosi na Jumapili mfululizo mara mbili au tatu, ukiwa na mzigo wako wote. Siku 10 za mwisho punguza saa kwa nusu, bila kuondoa vipindi vifupi vya kukaza. Anayetoka Mombasa au Dar es Salaam ajue kwamba Nanyuki iko karibu mita 1,900 juu ya bahari. Siku za kwanza pumzi itakuwa fupi hata kwenye ngazi, na mwendo wa kwanza wa mbio uwe wa chini.

Sasa tumbo na maji. Jipime uzito uchi kabla na baada ya saa moja ya mazoezi ya joto. Kilo iliyopotea, pamoja na maji uliyokunywa, ndiyo jasho lako la saa hiyo. Wengi hupoteza kati ya nusu lita na lita moja na nusu. Huwezi kurudisha yote ukiwa unaendesha, ila lenga mililita 500 hadi 900 kwa saa bila kupita jasho lako, na usiifuate kiu peke yake. Usinywe maji matupu kwa wingi siku nzima: chumvi ya damu hushuka, kichwa huuma, mikono huvimba, mtu huchanganyikiwa, na hatari yake ni kubwa kama ile ya kiu. Pakiti moja ya chumvi ya kurudisha maji ya duka la dawa hutengeneza lita moja. Wengi huchanganya nusu ya pakiti kwa lita, wakaongeza sukari kijiko kimoja au viwili.

Chakula kilenge gramu 60 za wanga kwa saa. Ndizi ya wastani ina takriban 27, soda ya mililita 300 ina zaidi ya 30, tende ndogo ina kama 6. Viazi vitamu vilivyochemshwa, kashata na chapati iliyokunjwa na sukari vyote vinafaa, mradi umelizoeza tumbo vyakula hivyo wiki sita kabla. Anza kula dakika 30 tangu kuanza, maana ukingoja njaa umechelewa. Kitu kipya siku ya mbio ndicho kinachowapeleka wengi vichakani.

Kwa mwili: kaptula yenye pedi, bila chupi, na mafuta ya mgando mapajani. Nguo zisiwe nyeusi wala bluu iliyokolea kwenye maeneo ya mbung'o, kwa sababu rangi hizo huwavuta.

Wanyama wanahitaji heshima zaidi ya hofu. Usianze kabla ya saa iliyopangwa, kwa sababu alfajiri walinzi bado wanaondoa tembo na nyati kwenye njia. Ukimwona tembo, simama mbali, mwache apite, wala usijipenyeze kati ya mama na mtoto. Kwenye vichaka vinene vya kando ya mto, piga kengele au ongea kwa sauti kabla ya kona ili usimshtue nyati. Ng'ombe wapishie nyuma, na mchungaji msalimie; yeye ndiye atakayekwambia kama mto mbele umejaa. Ukijitoa kwenye mbio, mwambie mtu wa kituo kilicho karibu na uhakikishe ameandika namba yako, kwa sababu wasipoiona kwenye orodha, walinzi watakutafuta porini usiku.