Jibu: Gari lililotumika kwa anayeishi ugenini

Ndugu, umeuliza uchague lipi kati ya Toyota Corolla iliyotembea kilomita nyingi na gari la kifahari la bei hiyohiyo, nawe uko ugenini na akiba yako ni ndogo. Mimi ningechukua Corolla, mradi kumbukumbu za matengenezo zipo, kwa sababu vipuri vyake hupatikana kwa urahisi na mafundi wengi wanaifahamu. Hata hivyo, tafadhali usilipe kabla fundi asiyejuana na muuzaji hajaikagua na kuiwasha injini ikiwa bado baridi, kwani injini iliyokwisha kupata moto huweza kuficha moshi na milio ya hitilafu. Namba ya chasisi ilingane na ya kwenye hati. Ulizia pia bima mapema, maana mgeni asiye na historia ya udereva nchini humo mara nyingi hutozwa zaidi.