Kabla hujasema soko limeogopa, jua nani katoa arbuni

Mwishoni mwa Oktoba 2023 nilimpigia simu mdogo wangu anayeishi Houston, nikamwambia auze akiba yake yote iliyokuwa kwenye mfuko unaofuata fahirisi ya S&P 500, kipimo cha bei za hisa za kampuni kubwa takriban 500 za Marekani. Nilikuwa nimekaa stoo kwetu Kirumba, Mwanza, simu mkononi, nimeona uwiano wa opsheni (mikataba ya haki ya kuuza au kununua kwa bei iliyopangwa) za kuuza kwa za kununua umepita 1, yaani za kuuza ni nyingi kuliko za kununua. Nikaamini Wamarekani wanakimbia. Akauza. Novemba ile fahirisi ikapanda karibu asilimia 9. Hakunilaumu, lakini ilikuwa ada ya chuo ya mwanawe, na iliniuma sana.

Aliyezoea soko letu la samaki la Mwaloni anaijua opsheni hata kama hajawahi kulisikia jina lake. Mbalamwezi ikikaribia, dagaa hupungua, maana taa za wavuvi haziwavuti usiku wenye mwanga. Mnunuzi anayejua kazi anawahi siku chache kabla na kumpa mwenye mzigo arbuni: gunia hili nitalichukua kwa bei hii, mwisho Jumamosi. Bei ikipanda, analichukua. Ikishuka, anaiacha arbuni na kwenda zake. Hiyo ni haki ya kununua, yaani koli. Puti ni haki ya kuuza: mwenye mzigo analipa kidogo ili awe na uhakika wa bei hata soko likiporomoka. Marekani, mkataba mmoja kwa kawaida hubeba hisa 100.

Je, aliyelipia puti ameogopa? Hapo ndipo nilipokosea. Mwenye magunia mia mbili stoo akijikinga, maana yake bado ameushikilia mzigo wake. Mifuko mikubwa ya uwekezaji hununua puti za fahirisi mwaka mzima kama bima, kwa hiyo uwiano wa opsheni za fahirisi kukaa juu ya 1 ni jambo la kawaida. Za kampuni mojamoja ndizo hukaa chini ya 1, kwa kuwa huko wengi hununua koli wakitarajia bei kupanda. Mimi nilichukua namba ya fahirisi nikaipima kwa mizani ya kampuni. Tena kila puti iliyonunuliwa ina aliyeiuza, na huyo huenda anaamini bei haitashuka.

Soko la Cboe la Chicago hutoa uwiano huu kila siku ya biashara. Chukua daftari, uandike miezi miwili au mitatu, ya fahirisi ukurasa wake na ya kampuni ukurasa wake. Ukishaijua kawaida yake, siku isiyo ya kawaida utaiona mwenyewe. Angalia pia mikataba iliyouzwa leo na ile iliyobaki wazi, yaani ambayo bado haijafungwa. Ikiwa leo imeuzwa mingi lakini kesho yake iliyo wazi haijaongezeka, wengi walikuwa wanafunga au kupokezana mikataba ya zamani, na hiyo si hofu mpya.

Kuna pia VIX, inayokokotolewa kutokana na bei za opsheni za S&P 500 na kuonyesha soko linatarajiwa kuyumba kiasi gani siku 30 zijazo. Igawe kwa 16: ikiwa 32, watu wanajiandaa kwa myumbo wa takriban asilimia 2 kwa siku, juu au chini. Haisemi upande. Wala haisemi lini, na hili nakusihi ulishike. Tarehe 16 Machi 2020 ilifunga 82.69, na wiki moja baadaye soko likagusa chini na kuanza kupanda. Tarehe 20 Novemba 2008 ilifunga 80.86, lakini soko lilikuja kugusa chini Machi 2009. Aliyenunua Novemba ile kwa kudhani hofu imefika kileleni alisubiri kwa uchungu.

Siku hizi mdogo wangu akipiga na kuuliza, "Kaka, opsheni zinasemaje?" namsomea namba ya leo na ya kawaida, kisha namuuliza hela ataihitaji lini. Ada ya muhula ujao tumeiweka benki.