Hivi kweli kuna bakteria wanaokula umeme?

SWALI: Mwalimu shikamoo. Kijana wangu yuko chuo anasema siku hizi kuna bakteria wanalishwa umeme afu wanatoa kemikali za kuuza viwandani. Nikamwambia acha uongo, bakteria na umeme wapi na wapi. Ni kweli? Na kama ni kweli, mi nina sola juu ya bati, mchana betri ikishajaa umeme unakaa bure tu, siwezi kufuga hao wadudu nikapata hata siki? (Msomaji, Morogoro)

JIBU: Marahaba. Kijana hajakudanganya. Mwaka 2010 timu ya Derek Lovley wa Chuo Kikuu cha Massachusetts, Marekani, walimchukua bakteria anaitwa Sporomusa ovata wakamuweka kwenye maji yenye kipande cha grafaiti (kaboni kama ya ndani ya penseli) kilichoungwa upande wa hasi wa umeme, wakapuliza hewa ukaa, basi, hamna sukari wala nini. Bakteria wakajibandika kwenye grafaiti wakaanza kutoa asidi ya asetiki, hiyohiyo ya kwenye siki, na zaidi ya asilimia 80 ya elektroni (vile vichembe vinavyotiririka kwenye waya wa umeme) walizopewa zikaonekana kwenye kemikali walizotoa. Hewa ukaa ni kaboni iliyokwisha kuungua, ukitaka igeuke kitu cha maana lazima uirudishie elektroni, na hawa jamaa kwa kawaida huzitoa kwenye haidrojeni. Kama pale kwenye grafaiti wanazivuta moja kwa moja au umeme unatengeneza kwanza haidrojeni kidogo wanaidaka, wanasayansi bado wanabishana.

Sasa sola yako. Molekuli moja ya asidi hiyo inataka elektroni 8. Ukipiga hesabu, kilo moja ni kama ampea-saa 3,570, na chombo kikienda kwa volti 3 ni uniti 10.7 hivi, tena hapo hujapoteza elektroni hata moja na hujawasha pampu. Tuseme uniti ni shilingi 350, tayari ni 3,700 na ushee. Utasema mbona rahisi, kilo moja inatoa siki lita 20! Ngoja kwanza. Asidi inatoka imezama kwenye maji kibao na chumvi za kulishia bakteria, kuitenga ndo kazi yenyewe, halafu upande wa chanya unatoa oksijeni ambayo Sporomusa haivumilii kwahiyo lazima uweke utando katikati wa kutenganisha pande hizo mbili, na viwandani wanaitengeneza kwa methanoli (aina ya pombe ya viwandani) kwa bei ya kutupa. Kwa siki, mzee, endelea na nanasi.

Ndo maana wenye akili wanakimbilia vitu vya bei zaidi, mfano asidi ya kaproiki (inanuka beberu haswa, ila ina soko). Harvard mwaka 2016, Daniel Nocera na Pamela Silver walitumia umeme kupasua maji, haidrojeni ikaliwa na bakteria anaitwa Ralstonia eutropha, wakapata pombe za kuwasha kama mafuta na malighafi ya plastiki. Ujerumani nako Evonik na Siemens walijenga mtambo wa majaribio kule Marl, umeme unageuza hewa ukaa kuwa monoksaidi ya kaboni, bakteria wanaichachua kuwa butanoli na heksanoli (nazo ni pombe za viwandani). Mi naona njia hii ya kupitia gesi ndo itatangulia, maana kwenye grafaiti wanaofanya kazi ni wale waliogusa tu, ukitaka wengi unahitaji grafaiti kubwa balaa.

SWALI: Kwani hawapigwi shoti? (Huyohuyo)

JIBU: Hawapigwi, ile ya Lovley grafaiti ilikuwa kwenye hasi milivolti 400 tu. Na wapo wanaofanya kinyume, Geobacter, aliyepatikana 1987 kwenye matope ya mto Potomac, yeye anatoa elektroni. Huyo kijana anaweza kumjaribu: matope ya bwawa ndani ya ndoo, grafaiti moja aifukie, nyingine ibaki kwenye maji ya juu, aziunge kwa waya wenye rezista (kifaa cha kupunguza mkondo wa umeme), aiache siku kadhaa halafu apime kwa multimita (kipima umeme). Itasoma chini ya volti moja.