Tiara isiyopaa, mtoto anayelia njiani: majibu ya maswali yenu kuhusu matembezi ya wikendi

Maswali ya safari hii yamegusa misimu yote: upepo, mvua, joto na usiku mrefu. Tumeyafupisha, na yaliyofanana tumeyajibu pamoja.

Mwanangu wa miaka minne huanza kulia tukiwa nusu ya njia, na mimi huishia kumbeba hadi nyumbani. Nimpeleke umbali gani?

Kadirio la kuanzia ni kilomita moja kwa kila mwaka wa umri, kwenye njia tambarare, kwenda na kurudi kwa pamoja. Wa miaka minne aliyezoea kutembea atafika kilomita nne. Asiyezoea anzeni na mbili, kisha ongezeni kidogo kidogo.

Kosa la wazazi wengi, hata hivyo, liko kwenye saa kuliko kwenye kilomita. Mwaka 1892 mpanda milima wa Scotland, William Naismith, alitoa kanuni ambayo watembeaji bado wanaitumia: kilomita 5 kwa saa, na saa moja zaidi kwa kila mita 600 za kupanda. Kwa kanuni hiyo, njia ya kilomita 4 yenye mwinuko wa mita 150 ni kazi ya saa moja na dakika chache. Lakini hiyo ni hesabu ya mtu mzima asiyesimama. Mtoto mdogo husimama kwa kila jiwe, kila siafu na kila dimbwi, kwa hiyo zidisha mara mbili, na ukiweka saa mbili na nusu hutajuta. Usimharakishe. Hayo mawe na siafu ndiyo matembezi yenyewe kwake.

Jambo la pili ni wakati wa kugeuka. Mtu mzima huchoka polepole na huona uchovu ukija. Mtoto hukimbia mbele kwa saa nzima, kisha nguvu humwishia ghafla. Ukingoja dalili, umechelewa. Kama mmepanga kuwa nje kwa muda wa saa tatu, geukeni baada ya saa moja hata kama bado anaruka. Mpe kitu kidogo cha kula na maji kila baada ya nusu saa kabla hajaomba, maana kilio kingi cha njiani ni njaa. Viatu vipya visivaliwe kwa mara ya kwanza siku hiyo. Akisema kiatu kinauma, simameni papo hapo mkafunike sehemu iliyoanza kuwa nyekundu kwa plasta, kwa sababu lengelenge likishatokea, safari imekwisha.

Na ukilazimika kumbeba siku ya baridi, mwongeze nguo. Wewe unatokwa jasho, yeye hasogei na anapoa.

Tumetengeneza tiara ya umbo la almasi na binti yangu. Inapanda mita mbili, inazunguka, inaanguka kichwa chini. Tatizo ni nini?

Kuna mambo manne ya kukagua, na mpangilio wake una maana, kwa hiyo usianze na mkia.

Anza na fremu. Vipimo visivyosumbua ni kijiti cha wima cha sentimita 90 na cha mlalo cha sentimita 75, vikikutana sentimita 25 kutoka ncha ya juu. Kabla ya kufunga kijiti cha mlalo, kiweke juu ya ncha ya kidole katikati kabisa. Kikiinama upande mmoja, upande huo ni mzito, uchonge. Tiara nyingi zinazozunguka kuelekea upande uleule kila mara zina kosa hili, au karatasi imevutwa zaidi upande mmoja. Kisha kipinde kijiti cha mlalo kwa uzi unaopita nyuma, kutoka ncha hadi ncha, hadi katikati pawe na kina cha sentimita 7 au 8. Upinde huo huifanya tiara ijisawazishe yenyewe upepo unapoisukuma pembeni.

Pili ni hatamu, ule uzi mfupi ambao uzi mrefu hufungwa juu yake. Hapa ndipo tiara nyingi za nyumbani huharibikia. Kata uzi wa sentimita 110 hivi. Ncha moja ifunge kwenye kijiti cha wima sentimita 12 kutoka juu, nyingine sentimita 15 kutoka chini, upande wa mbele wa karatasi. Funga kitanzi juu yake mahali ambapo, ukiivuta hatamu mbele, kitanzi kinaelekeana na sehemu iliyo sentimita 3 juu ya makutano ya vijiti. Ukiiinua tiara kwa kitanzi hicho, ncha ya juu inapaswa kuinuka na mkia kushuka. Kitanzi kiwe cha fundo linaloteleza, kwa sababu utakisogeza. Tiara ikivuta kwa nguvu lakini haipandi, kitanzi kiko chini mno, kipandishe sentimita moja. Ikipepesuka na kupigapiga kama nguo kwenye kamba bila kushika upepo, kiko juu mno. Sogeza sentimita moja tu kila mara, maana tatu kwa mkupuo zitakupotezea mahali ulipokuwa.

Tatu, mkia: vipande vya kitambaa chepesi kwenye uzi wa mita nne na nusu hadi tano. Bado inazunguka baada ya kukagua fremu na hatamu? Ongeza nusu mita.

Nne ni mahali na upepo. Upepo mzuri ni ule unaofanya majani na vitawi vidogo visogee muda wote, yaani kilomita 12 hadi 19 kwa saa, daraja la 3 katika kipimo alichokibuni Francis Beaufort mwaka 1805. Miti midogo ikianza kuyumba, rudini nyumbani. Msisimame nyuma ya miti au majengo: upepo uliopita juu ya kizuizi huvurugika, na kwa mti wa mita 10 mnahitaji kuwa mbali mita 70 au zaidi. Kizunguzungu cha hewa hiyo huangusha hata tiara iliyotengenezwa vizuri.

Halafu acheni kukimbia. Binti aishike tiara ikiwa wima, mita 15 hadi 20 kutoka kwako, upande ambao upepo unaelekea. Wewe kaza uzi, yeye aiachie tu bila kuirusha, nawe vuta hatua mbili tatu. Uzi uwe wa pamba au nailoni, kamwe usiwe waya, na pasiwe na nyaya za umeme karibu. Tiara iliyonasa kwenye nyaya huachwa pale pale, hata uzi wake hauguswi.

Mvua imewafungia watoto ndani wiki nzima. Kuna ubaya kuwatoa?

Hakuna, mradi hakuna ngurumo na hampiti karibu na maji yanayokimbia. Sentimita 15 tu za maji yaendayo kasi zinaweza kumwangusha mtu mzima, na sentimita 30 zinaweza kulielesha gari dogo. Mfereji ambao jana ulikuwa mkavu si mahali pa kuchezea leo. Madimbwi yaliyotulia ni mazuri, isipokuwa pale maji taka yanapofurika.

Waacheni walowe, kisha wabadilishwe. Nusu saa hadi dakika 40 inatosha kama kuna baridi. Pamba iliyolowa hunyonya joto la mwili, kwa hiyo nguo kavu, pamoja na soksi, zikae kwenye mfuko uliofungwa vizuri na si kwenye begi lililo wazi.

Wenye miaka minane na kuendelea wape kipimamvua. Kata shingo ya chupa ya plastiki, igeuze juu chini na uipachike kama faneli. Sakafu ya chupa ina mabonde, kwa hiyo mimina maji hadi yafike sehemu iliyonyooka na uchore hapo alama ya sifuri, vinginevyo kila kipimo kitakuwa na kosa. Juu yake chora milimita. Hesabu inayowafurahisha ni hii: milimita moja ya mvua ni lita moja kwa kila mita ya mraba. Paa la mita za mraba 40, mvua ya milimita 10, ni lita 400. Wengi hawaamini mpaka wahesabu wenyewe.

Tukisikia ngurumo tukiwa uwanjani, tukimbilie wapi?

Ndani ya nyumba, au kwenye gari lenye paa la chuma na vioo vikiwa vimefungwa. Kinachokulinda garini ni bodi ya chuma inayopitisha umeme kwa nje. Matairi hayahusiki, ingawa imani hiyo haifi. Hema, kibanda kisicho na kuta na chini ya mti si kinga.

Wafundisheni watoto kuhesabu sekunde kati ya mwanga na ngurumo, kisha kugawa kwa tatu: hizo ni kilomita. Sekunde 30 ni kilomita 10 hivi, na hapo mnapaswa kuwa tayari ndani. Msitoke hadi dakika 30 zipite tangu ngurumo ya mwisho. Kila ngurumo mpya huanzisha hesabu upya, na mtoto aliyepewa saa ya kuhesabia hasumbui sana.

Tunaenda ziwani, watu wazima sita na watoto watano. Walinzi wanatosha?

Sita wanaoangalia wote kwa pamoja ni sawa na hakuna, kwa kuwa kila mmoja hudhani mwenzake anaangalia. Wekeni zamu za dakika 15. Mwenye zamu avae kitu kinachoonekana, mfano kofia moja maalumu. Hashiki simu, hapigi soga, na haondoki mpaka kofia iwe kichwani mwa mwingine. Walio chini ya miaka mitano, na yeyote asiyejua kuogelea, wawe na mtu mzima majini umbali wa kunyoosha mkono.

Anayezama mara nyingi hapigi kelele. Hubaki wima, kichwa kikiwa nyuma, mdomo ukizama na kuibuka, mikono ikibonyeza maji pembeni. Ukimya wa ghafla ndio wa kuogopa.

Maboya ya mikononi ya kupuliza ni vya kuchezea, hutoboka na huchomoka. Jaketi la kuokolea lichaguliwe kwa uzito wa mtoto. Mfungie vizuri, kisha uliinue mabegani, na likipanda hadi masikioni ni kubwa mno. Nguo za kuogelea ziwe za chungwa au waridi kali. Bluu na kijivu hupotea chini ya maji hata kwenye kina cha nusu mita.

Nawezaje kujua jua limekuwa kali bila kifaa?

Tazama kivuli. Kikiwa kifupi kuliko mtoto mwenyewe, miale ni mikali na mchezo uhamie kivulini. Kwa kawaida ni kati ya saa nne asubuhi na saa kumi jioni. Mafuta ya kukinga jua ya SPF (kiwango cha kinga) 30 au zaidi hupakwa dakika 15 kabla ya kutoka, kisha kila saa mbili na kila anapotoka majini. Wa chini ya miezi sita hutegemea kivuli na nguo. Kwa wa miaka 9 hadi 12 wanaocheza kwenye joto, mililita 100 hadi 250 za maji kila dakika 20. Na ndani ya gari lililofungwa joto huweza kupanda nyuzi 10 kwa dakika 10, kwa hiyo hakuna cha "narudi sasa hivi".

Mtoto akipotea kwenye umati au msituni?

Mpige picha asubuhi kabla hamjatoka, kwa sababu mzazi aliyeshtuka husahau hata rangi ya shati. Andika namba yako ya simu ndani ya nguo yake. Mfundishe mambo mawili tu: abaki pale alipogundua amepotea, na apulize filimbi mara tatu, apumzike, arudie. Anayetembea akitafuta humkosa anayemtafuta. Kama kuna maji karibu, anzeni kutafuta huko, hata kama hamwamini kwamba angeenda.

Wa miaka 14 hataki tena kwenda nasi.

Aachiwe kuchagua mahali, awe mshika ramani kwelikweli, yaani akikosea mrudi wote, na aje na rafiki. Bado hataki? Mwacheni mara moja moja.

Tungependa kuwaonyesha watoto vimondo. Lini, na tufanyeje?

Vimondo vya Geminidi, ambavyo kilele chake ni usiku wa kati ya tarehe 13 na 14 Desemba, vinafaa zaidi kwa watoto kwa sababu huonekana vizuri kabla ya saa sita usiku. Perseidi vya tarehe 12 na 13 Agosti ni vya walio kaskazini zaidi, na uzuri wake ni baada ya saa sita. Angalieni kwanza kalenda ya mwezi, kwani mwezi mpevu hufuta vimondo vingi.

Hamhitaji darubini, kwa vile inabana eneo la kutazama. Lazeni mkeka, laleni chali, na msiwashe taa yoyote: macho huchukua dakika 20 hadi 30 kuzoea giza, na simu moja ikiwashwa mnaanza upya. Tochi ifunikwe kwa plastiki nyekundu. Vaeni kama kwamba kuna baridi zaidi ya ilivyo, kwa kuwa mtu aliyelala bila kusogea hupoa haraka. Waambieni mapema kwamba dakika tano zinaweza kupita bila kitu, kisha vikaja viwili pamoja.

Kama tarehe 13 mawingu yanatabiriwa, nendeni usiku wa tarehe 12. Geminidi huongezeka taratibu kuelekea kilele na kupungua haraka baada yake, kwa hiyo kuwahi kwa siku moja ni bora kuliko kuchelewa kwa siku moja.