Kabla Hujanunua Boti ya Wikendi Ziwa Nyasa, Tafuta Mtu Kwanza

Kaka mmoja wa Mafinga ameniandikia wiki hii. Anauza mbao, mambo yamemnyookea, na sasa anataka boti yake mwenyewe ya kukaa Matema, ufukweni mwa Ziwa Nyasa, ili Jumamosi za kiangazi awe anashuka na familia kuvua na kutembea ziwani. Ameuliza maswali matatu: anunue boti ya faiba au aunde ya mbao, afunge mashine ya nguvu gani, na je, mimi, mama mwenye duka la vifaa vya ujenzi Mwanjelwa, Mbeya, nilijifunzaje kuvua? Hilo la tatu ameliuliza kwa adabu, ila nimeliona.

Nitamjibu yote matatu, lakini si kwa mpangilio wake, maana ameanzia mwisho. Boti hununuliwa mwisho. Kinachotangulia ni mtu. Najua wengi wenu mnaosoma hapa mna ndoto hiyo hiyo, mnapiga picha za boti za watu pale Matema na kuziweka stetasi, kwa hiyo nasema na wote.

Mimi boti niliipata kwa ubia. Tulikuwa wanne, wote wa Mbeya mjini, watu tuliojuana kwenye vikoba, kwenye misiba, kwenye kamati za harusi. Mmoja akasikia kuna boti ya faiba iliyotumika inauzwa, tukachanga, tukainunua, tukaongezea mashine ya nguvu farasi 15. Kiangazi cha kwanza kilikuwa kitamu kiasi kwamba mpaka leo nikikikumbuka nakasirika.

Ijumaa nilikuwa nafunga duka mapema. Mbeya mwezi wa nane bado tumevaa sweta na majaketi. Tunatoka Uyole, tunapita Isyonje kwenye ukungu, Kiwira, Tukuyu tunasimama kwa chai na ndizi za kuchoma, halafu gari linaanza kushuka. Tukifika Kikusya madirisha yote yamefunguliwa na sweta zimetupwa kwenye buti. Ziwa liko mita 1,200 na zaidi chini ya Mbeya mjini, na mwili unaujua huo mteremko kabla hujaambiwa. Tukipita Ipinda, giza limeshaingia. Matema unaona kwanza taa majini, nyingi, zimepangana, mgeni anadhani kuna mji ng'ambo. Ni wavuvi wa usipa, samaki wadogo kama dagaa. Samaki wanafuata mwanga, kwa hiyo kazi yao ni ya usiku wa giza. Mbalamwezi ikiwa kubwa taa hazivuti na wengi wanalala nyumbani. Ukitaka kula usipa wabichi Jumamosi asubuhi, angalia mwezi kabla hujatoka Mbeya. Watu wanaangalia tarehe ya mshahara tu, kisha wanalalamika kwamba samaki wameadimika.

Saa kumi na moja alfajiri tunaingia majini. Milima ya Livingstone pale inaanguka moja kwa moja ziwani, hakuna tambarare, na maji ya asubuhi yametulia. Tunapita Lyulilo, ambako Jumamosi ndiyo siku ya soko la vyungu, na unakutana na mitumbwi ya Wakisi kutoka Ikombe imepakia vyungu mpaka juu, vimepangiwa nyasi visivunjike. Hakuna anayepiga kelele wala muziki. Nilikuwa nakaa mbele ya boti, na nilijisikia mtu mwenye maisha yake. Sioni aibu kulisema.

Sasa kuvua kwenyewe. Wenzangu walikuwa na fimbo za kuvulia za kisasa, zenye gurudumu, na walipenda kushusha mshipi mpaka unaisha. Walidhani samaki mkubwa anakaa chini kabisa. Ziwa Nyasa ni refu sana kwenda chini, karibu mita 700 penye kina zaidi, ila kuanzia kama mita 250 kushuka maji hayana oksijeni. Maji ya juu na ya chini hayachanganyiki, kwa hiyo huko chini hakuna samaki wa kukungoja. Na upande wa Livingstone, ukitoka ufukweni kidogo tu, tayari uko juu ya kina kirefu. Wenzangu walikuwa wanavua giza tupu.

Mimi nilijifunza kwa kukaa kimya. Kwenye boti tulikuwa na nahodha, kijana wa pale pale kijijini, na watu wa mjini hawakuwa wanamuuliza chochote zaidi ya petroli imebaki kiasi gani. Nikawa namuuliza mimi. Akanionyesha mnandi: wale ndege weusi wakizama kwa kundi mahali pamoja, chini yao kuna usipa, na palipo na usipa kuna mbasa anawala. Akanifundisha kukokota chambo cha kijiko cha bati kinachong'aa nyuma ya boti, mwendo wa taratibu, karibu na juu, tukizunguka lile kundi badala ya kulipita katikati. Mwaka ule mimi ndiye niliyekuwa napandisha mbasa, na wenye fimbo za bei mbaya wakawa wanasema ni bahati ya wanawake. Kaka wa Mafinga, jibu la swali lako la tatu ndilo hilo.

Mbasa kama hujamla, ana rangi ya fedha, mwili mrefu, na mifupa midogo ya kukufundisha subira. Mvua zikianza hupanda mitoni kutaga, na ndiyo sababu amepungua: nyavu zinamngoja mdomoni mwa mto akiwa na mayai. Ukimpata kipindi hicho akiwa na tumbo, mrudishe. Najua hutamrudisha.

Masika nayaruka, hayana la kusimulia. Kyela ni maji juu na maji chini, boti imefunikwa turubai, kila mtu yuko kwake.

Ikawa mwezi wa tatu, nipo dukani nahesabu mabati, simu ikaita. Nahodha. "Shikamoo mama. Mama, mashine mmeamua kuihamisha?" Nikamwambia marahaba, mashine gani, tumeihamishia wapi? Akanyamaza kidogo. "Imekuja gari ya Noah jana jioni, wamesema wewe unajua."

Sikujua. Wenzangu watatu walikuwa wameshakubaliana na kupata mteja. Nilipompigia mmoja akasema mambo yalikuwa yamebana, ada za watoto, na kwamba walinitafuta sikupatikana. Simu yangu ni ya biashara, haizimwi hata usiku. Siku chache baadaye ikaingia pesa kwenye simu, pungufu, na ujumbe wa "pole dada, tulikosa njia". Boti yenyewe ikaja kuuzwa baadaye, hilo nalo nikalisikia kwa watu. Tunakutana kwenye misiba. Tunasalimiana vizuri. Mmoja wao alinichangia hata kwenye harusi ya binti yangu, nikapokea, nikamwandikia kwenye daftari kama wengine.

Sasa angalia nani alinipigia simu. Alikuwa yule kijana ambaye hakuwa na hisa hata moja kwenye boti ile, na ambaye tulikuwa tunamlipa siku tukishuka tu, miezi mingine hatumjui anakula nini. Hapo ndipo akili yangu ilipokaa. Tangu wakati huo sina boti na sitaki boti. Nina nahodha. Amepata chombo chake kidogo, mimi namlipa Jumamosi zangu, na masika namtumia kitu hata kama sishuki, kwa sababu masika nayo mtu anakula. Na samaki napata kuliko nilipokuwa mmiliki. Jumamosi iliyopita nimepandisha mbasa mkubwa, nikapiga naye picha, nikaiweka stetasi. Mmoja wa wale watatu aliitazama dakika ya kwanza tu. Niliiweka ili aitazame.

Kwa hiyo ndugu zangu, mnapenda kuanza na kitu. Kiwanja kabla ya maji, gari kabla ya gereji, boti kabla ya mtu wa boti. Boti inalala ziwani siku sita bila wewe. Nani anaisogeza mawimbi yakija usiku? Nani anajua kwamba mashine imebebwa? Tafuta mtu kwanza. Kaa naye msimu mzima ukiwa abiria wake, mlipe vizuri, kula kwake, wajue watoto wake. Mtu kwanza, nasema tena. Na kama lazima uwe na wabia, muandikishane: nani ana kiasi gani, nani anaruhusiwa kuuza nini, na mgongewe mhuri. Msiseme "sisi ni ndugu". Undugu na uandikwe.

Faiba au mbao. Kaka, najua una mbao za paini za bei ya nyumbani na mkono unakuwasha. Paini ni laini na inaoza upesi ikikaa majini, hata ukiipaka rangi nzuri. Ukiamua kuunda, waulize mafundi wa ziwani wanatumia mbao gani, ununue hiyo, ya kwako iuze Dar. Mashine ya farasi 15 inatosha familia. Kinachokosekana kwenye boti nyingi si nguvu. Ni plagi za akiba, pini ya propela, na makasia. Mashine ikizima katikati ya maji hata ingekuwa farasi 100, utakachotaka ni kasia.

Vibali: afisa uvuvi wa wilaya atakuelekeza leseni na usajili wa chombo. Sheria ya Uvuvi ya 2003 inakuhusu hata kama unavua kwa kujifurahisha. TASAC, shirika la serikali la mambo ya meli, nao wana lao kuhusu usalama wa chombo. Nenda ukaulize mapema, usingoje kukamatwa ukiwa na wakwe.

Upepo ndio ninaotaka uusikie vizuri. Ziwa hili lina urefu wa zaidi ya kilomita 550, na Matema iko kwenye ncha ya kaskazini. Upepo wa kusini, mwera, unavuma sana kuanzia Mei mpaka Agosti, na unakuwa na ziwa lote la kukimbilia kabla haujakufikia. Mawimbi yanayokufikia yamekua njiani. Ndiyo maana kiangazi changu mimi kinaanza mwishoni mwa Agosti, kinaishia Novemba, hata kama ofisi yako inatoa likizo Juni. Na hata katika miezi hiyo mizuri, asubuhi ni ya kuvua na mchana ni ya kulala. Ikifika saa nne au saa tano, ukiona kusini maji yamebadilika rangi na kuwa na mstari mweusi, unarudi. Huulizi wageni kama wametosheka. Utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa usikilize, kisha muulize nahodha. Wakipishana, fuata yule anayesema msitoke.

Maboya ya kuvaa, kila mtu lake, na livaliwe tangu ufukweni. Nimechoka kuona maboya yamekaliwa kama mito. Baba mzima anakaa juu ya boya, mtoto hana, na mama anashikilia chungu alichonunua Lyulilo. Halafu tunakuja kuimba mapambio. Sisi watu wa nyanda za juu wengi hatujui kuogelea, tumekulia kwenye mito ya baridi ambayo hakuna anayekaa ndani yake, na bado tukishuka Kyela tunajifanya tumezaliwa na samaki. Vaa boya. Boya kwanza, picha baadaye.

Watoto wasicheze karibu na mdomo wa mto Lufilyo, kuna mamba. Wasikae kwenye maji yaliyotuama yenye matete, ziwa lina kichocho. Baada ya miezi miwili hivi tangu mrudi, nendeni mkapime wote, hata asiyeumwa. Ukiona ziwani moshi mweusi umesimama wima, usipige simu zimamoto. Ni wadudu, wadogo sana, wanatoka majini kwa mamilioni. Ukiwa katikati yao funga mdomo.

Basi kaka wa Mafinga, usinunue kitu mwaka huu. Shuka mwishoni mwa Septemba, wewe na mkeo, waache shemeji nyumbani. Mkifika Tukuyu nunueni ndizi, Kyela nunueni mchele, mpelekeeni mtu atakayewapokea, halafu mkae boti ya wenyewe mkitazama. Ukihitaji nahodha nitakuunganisha na wangu, ni mtu mzuri na ana nafasi. Ila Jumamosi ya kwanza na ya tatu ya kila mwezi ni zangu, na nimeshazilipia mpaka Novemba. Hizo usimuombe.