Marigoldi au blubonneti: angalia kalenda kabla ya rangi

Wengi wanaojiuliza wapande marigoldi au blubonneti huanza na rangi: njano na chungwa upande mmoja, buluu upande mwingine. Rangi iache kwanza, uliza tarehe. Marigoldi hupandwa jalidi (baridi ya kugandisha) ikishakwisha, hukua wakati wa joto, na jalidi ya kwanza ikirudi hufa. Blubonneti, ua la jimbo la Texas, Marekani, huenda kinyume. Mbegu yake huingia udongoni kati ya Septemba na katikati ya Novemba, mche mdogo hupita msimu wote wa baridi ukiwa umejibana chini, maua hutoka Machi na Aprili, na Mei mmea umeshakauka. Ukinunua pakiti mbili mwezi Aprili na kuzimwaga siku moja kwenye tuta moja, utavuna marigoldi peke yake.

Majina nayo yanapotosha. Marigoldi tunayoizungumzia hapa ni Tagetes, yenye asili ya Mexico na Amerika ya Kati. Aina ndefu huitwa marigoldi ya Kiafrika na aina fupi marigoldi ya Kifaransa, ingawa hakuna hata moja iliyotokea Afrika wala Ufaransa. Calendula huuzwa pia kwa jina la marigoldi, lakini ni mmea mwingine unaopenda ubaridi zaidi, kwa hiyo soma jina la kisayansi kwenye pakiti. Blubonneti nayo ni jina la lupini kadhaa, mimea ya jamii ya mikunde. Inayofaa bustani ya nyumbani ni Lupinus texensis, yenye urefu wa sentimita 30 hadi 40 hivi. Mwaka 1901 Texas ilichagua Lupinus subcarnosus kuwa ua la jimbo, na mwaka 1971 sheria ikapanuliwa ili aina nyingine za blubonneti za jimbo hilo nazo zihesabiwe.

Marigoldi ndiyo rahisi. Fukia mbegu nusu sentimita, udongo uwe na unyevu na joto la nyuzi 21 hadi 24, na baada ya siku tano hadi saba utaona machipukizi. Miche ikishapata jozi mbili za majani kamili, ipandikize: sentimita 20 hadi 25 kwa aina fupi (Tagetes patula), 30 hadi 45 kwa aina ndefu (Tagetes erecta). Aina fupi huchanua ndani ya wiki nane hivi tangu kupandwa. Ile ndefu huchukua wiki 10 hadi 12 au zaidi, tena hufuata urefu wa mchana: ukichelewa kuipanda hadi mchana umekuwa mrefu, inaweza kukaa majani matupu mpaka siku zianze kufupika. Ndiyo maana aina ndefu ni bora kununua miche ambayo tayari ina vitumba, na aina fupi kupanda kwa mbegu.

Makosa kwenye marigoldi ni machache na hujirudia. Kubwa ni mbolea. Naitrojeni nyingi hukupa kichaka cha kijani kilichonona na maua ya kuhesabu. Mboji kidogo wakati wa kupanda inatosha. La pili ni kumwagilia juu ya maua. Kichwa kikubwa cha aina ndefu hushika maji kama sifongo na kuoza kwa ukungu wa kijivu, basi elekeza maji kwenye shina. Kukiwa na joto kali na ukavu, geuza majani uangalie chini yake. Vidoa vyeupe vidogo na utando mwembamba ni utitiri, na maji ya kasi kutoka mpirani yakipigwa chini ya majani kila baada ya siku mbili huupunguza sana. Kata maua yaliyonyauka pamoja na kikonyo chake. Ukinyofoa petali tu, mbegu hubaki zikikomaa na mmea huacha kutoa vitumba vipya.

Kuhusu sifa ya marigoldi ya kufukuza wadudu, wengi huzidisha chumvi. Lililo kweli ni kwamba mizizi ya Tagetes ina kemikali inayodhuru minyoo fundo, ile inayoacha vinundu kwenye mizizi ya nyanya. Lakini kupanda miche mitatu ya marigoldi pembeni mwa nyanya hakusaidii kitu cha maana. Kinachofanya kazi ni kulijaza tuta zima kwa marigoldi, mimea ikiwa imebanana kwa sentimita 15 hadi 20, bila zao jingine na bila magugu, kwa miezi miwili mpaka mitatu, kisha kuichanganya na udongo kabla ya kupanda mboga. Nafuu hiyo ni ya msimu mmoja hivi, baada ya hapo minyoo hurudi.

Blubonneti inataka uvumilivu wa aina nyingine, na kazi yake nyingi iko kwenye mbegu. Ukiishika utadhani ni changarawe. Ganda lake gumu haliruhusu maji kupita, na huo ni ulinzi: porini sehemu tu ya mbegu huota mwaka wa kwanza, nyingine hungoja miaka, ili ukame mmoja usimalize ukoo wote. Bustanini hutaki kungoja. Sugua mbegu kati ya vipande viwili vya msasa, au kwangua kila moja kidogo kwa kikata kucha upande ulio mbali na kitovu chake, kisha loweka usiku kucha kwenye maji ya kawaida. Zilizovimba zipande siku hiyohiyo. Ambazo hazikuvimba zikwangue tena. Mbegu iliyokwisha kukwanguliwa haiwekeki, maana ikipata unyevu bila udongo huoza.

Kwa mita moja ya mraba, mbegu 80 hadi 100 zinatosha. Zibonyeze zigusane na udongo na zisizidi kina cha sentimita moja. Jua liwe la saa nane au zaidi kwa siku. Udongo uwe unaopitisha maji, hata wenye mawe na chokaa kidogo, na usitie mbolea kabisa. Blubonneti ni jamii ya mikunde, hujipatia naitrojeni kupitia bakteria walio kwenye vinundu vya mizizi. Ukiirutubisha hutoa majani na kusahau maua. Kama kiwanja hakijawahi kuota blubonneti, nunua bakteria wa lupini na uwachanganye na mbegu zenye unyevu kabla ya kupanda.

Mwagilia mpaka ziote, kisha punguza. Kuanzia hapo hadi Februari utaona majani yaliyotandazwa chini kama kisahani tu, na hapo ndipo wengi huing'oa wakidhani ni gugu. Juu mmea umesimama kukua, chini mzizi unashuka. Ukipanda miche ya kununua, usifukie pale majani yanapochomoza, kwa sababu pakifunikwa huoza. Usiweke pia matandazo manene. Chini yake hujificha vile vidudu vya kijivu vinavyojikunja kama gololi, na kwa usiku mmoja vinaweza kukata miche yote.

Maua yakifunguka, tazama doa jeupe kwenye petali ya juu. Ua likizeeka au likishachavushwa, doa hilo hugeuka zambarau nyekundu, na nyuki huenda kwenye yale yenye nyeupe. Anayetaka msimu mwingine bila kununua mbegu asikate mimea baada ya maua kuisha. Maganda huhitaji wiki sita hivi kukomaa, kisha hupasuka yenyewe na kurusha mbegu mbali. Kuyawahi, yachume yakiwa yamegeuka njano-kahawia na mbegu zinagongana ndani, uyaweke kwenye mfuko wa karatasi. Mbegu hizo zina sumu, kwa hiyo ziwe mbali na watoto na mifugo.

Kwa chungu, marigoldi fupi inatosheka na kina cha sentimita 15. Blubonneti ina mzizi mrefu usiopenda kusumbuliwa, kwa hiyo ipande moja kwa moja kwenye chungu cha kina cha sentimita 20 na zaidi, chenye matundu.

Na tuta moja kwa zote mbili? Inawezekana, zikipokezana. Otesha marigoldi kwenye trei mapema Aprili, chuma maganda ya blubonneti Mei, kata mashina yaliyokauka na uiache mizizi udongoni ioze, kisha pandikiza. Tatizo huja kiangazi: marigoldi hutaka maji kila wiki, na mbegu za blubonneti zilizoanguka hazipendi unyevu huo. Kwa hiyo kwenye tuta la kupokezana usitegemee zijioteshe zenyewe. Weka akiba mbegu ulizochuma, ng'oa marigoldi mapema Oktoba, hata kama bado zina maua, na upande upya.