Maswali ya Wasomaji: Je, chama hubadilishwa kuanzia shinani?

SWALI: Ndugu mhariri, salaam. Mimi ni mzaliwa wa Kigoma, ninaishi Philadelphia, na nilipata uraia wa Marekani miaka michache iliyopita. Kazi yangu ni kuhudumia wazee, na kupitia chama cha wafanyakazi nimejikuta katika kikundi cha watu kama ishirini tunaotaka chama cha Democratic kisimamie bima ya afya kwa wote, kodi za nyumba zinazolipika na mishahara ya heshima. Kila uchaguzi ukiisha tunabishana jambo lilelile. Wengine husema tujenge vuguvugu la mashinani tukigeuze chama kutoka ndani. Wengine husema chama kina wenyewe, tutatumika wakati wa kampeni kisha tutasahaulika. Mwezi uliopita nilihudhuria kikao cha kata kwa mara ya kwanza. Kilikuwa katika chumba cha chini cha kanisa, viti vya kukunja arobaini vimepangwa, nasi tulikuwa kumi na mmoja. Mzee aliyeongoza alisoma majina ya wagombea ujaji ambayo alikwisha kuyaamua, akauliza kama kuna mwenye swali, kisha akapitisha boksi la donati. Je, hapo kuna cha kujengwa? — Mama N., Philadelphia

JIBU: Mama N., pole kwa kazi, na ahsante kwa kutuhesabia viti. Cha kujengwa kipo, nacho ni vile viti ishirini na tisa vilivyokuwa vitupu.

Kwanza tuelewane kuhusu aina ya chama tunachokizungumzia, kwa sababu sisi tuliokulia Afrika Mashariki huja na picha ya chama chenye kadi, ada, vikao vya uteuzi na mkubwa wa juu anayeweza kukata jina la mtu aliyeongoza kura za maoni. Chama cha Marekani hakiko hivyo. Kwenu Pennsylvania mtu anakuwa Democrat kwa kujaza fomu ya kujiandikisha kupiga kura, hakuna anayeweza kumfukuza, na mgombea hupatikana kwa kura za mchujo zinazopigwa na wapiga kura wenyewe chini ya sheria ya jimbo. Jina laweza kupingwa mahakamani kwa sababu ya sahihi zenye kasoro, lakini hakuna kikao cha usiku cha kulikata. Kwa hiyo wanaosema kwamba chama kina wenyewe wana haki kwa upande wa fedha na mazoea, lakini kwa upande wa sheria mlango uko wazi kuliko wanavyodhani, na wengi hawajawahi hata kuusukuma.

Neno letu "mashinani" limetokana na shina, na wewe wa Kigoma huhitaji kuelezwa balozi wa nyumba kumi ni nani. Philadelphia ina mabalozi wake pia, ingawa hawaitwi hivyo. Mji umegawanywa katika kata 66, na kata hizo katika mitaa ya kupigia kura inayokaribia 1,700, kila mtaa ukiwa na wapiga kura mia kadhaa tu. Kila mtaa huchagua wajumbe wawili wa kamati kwa kila chama, kila baada ya miaka minne, katika mchujo wa mwaka uleule anaochaguliwa gavana wa Pennsylvania. Kuingia kwenye karatasi ya kura kunahitaji sahihi kumi za majirani wa chama chako. Nasema kumi, Mama N.; kikundi chenu kina watu mara mbili ya hizo, ingawa sahihi sharti ziwe za wakazi wa mtaa wako. Wajumbe hao ndio wanaomchagua kiongozi wa kata, na viongozi wa kata ndio wanaoshika chama cha mji mzima.

Mjumbe ana nguvu gani? Siku ya uchaguzi husimama nje ya kituo akigawa kikaratasi chenye majina yanayopendekezwa na kata. Katika uchaguzi wa rais kikaratasi hicho si kitu, kwa sababu kila mtu amekwisha kuamua. Lakini katika mchujo wa majaji, ambapo mpiga kura anakutana na majina kumi na tano asiyoyajua hata moja, kikaratasi ndicho kinachoamua, na majaji hao ndio watakaosikiliza kesi za kufukuzwa watu kwenye nyumba za kupanga. Zipo kata ambazo wajumbe hupiga kura kuamua majina hayo, na zipo ambazo kiongozi huamua peke yake. Kikao ulichokieleza kinafanana sana na hizi za pili. Zinabadilika pale tu wajumbe wengi wanapotaka zibadilike, na wajumbe hawawezi kuwa wengi ikiwa nusu ya nafasi hazigombewi.

Jambo hili limekwisha kufanyika mjini kwenu. Mwaka 2016, baada ya Bernie Sanders, seneta wa mrengo wa kushoto, kumaliza mchujo wa urais akiwa na kura milioni 13 hivi dhidi ya karibu milioni 17 za Hillary Clinton, baadhi ya waliomfanyia kazi Philadelphia hawakurudi nyumbani kulalamika. Waliunda kikundi walichokiita Reclaim Philadelphia. Mwaka 2017 walikuwa miongoni mwa waliohangaika mlango kwa mlango kwa ajili ya Larry Krasner, wakili wa utetezi aliyeshinda mchujo wa mwendesha mashtaka wa mji kwa asilimia 38 tu, kwa kuwa wagombea walikuwa saba. Mwaka 2018 wakasimamisha watu wao kwenye nafasi za wajumbe wa kamati, na mwanzilishi mmoja, Nikil Saval, akachaguliwa kuongoza kata ya pili huko kusini mwa mji. Miaka miwili baadaye alimshinda seneta wa jimbo aliyekuwa madarakani. Ukiitazama njia hiyo kutoka mbali utadhani ni kismati. Ukiisogelea utaona ni hesabu ya ngazi, moja baada ya nyingine, kila moja ikipandwa na watu walewale.

Wapo watakaokuambia kwamba hayo ni mambo madogo na kwamba chama hutekwa kutoka juu. Kwao nina kisa cha Nevada, na nitakaa nacho kidogo kwa sababu ndicho kinachonifundisha zaidi. Machi 2021, safu iliyoungwa mkono na wanasoshalisti wa kidemokrasia ilishinda uongozi wa chama cha Democratic wa jimbo hilo, Judith Whitmer akawa mwenyekiti. Siku hiyohiyo wafanyakazi wote wa ofisi ya chama walijiuzulu. Kabla ya hapo, dola 450,000 zilikuwa zimehamishwa kutoka akaunti ya chama cha jimbo kwenda kamati ya kitaifa inayosaidia wagombea useneta. Ulipofika uchaguzi wa 2022, wakubwa waliendesha kampeni ya pamoja kupitia chama cha kaunti ya Washoe, kana kwamba ofisi ya jimbo haipo, na Machi 2023 Whitmer alishindwa na Daniele Monroe-Moreno. Walikabidhiwa nyumba, ila funguo za ghala zilikuwa zimeondoka na wenyewe.

Waliofanya hila hiyo wanastahili lawama, na sitawatetea. Hata hivyo sharti tuulize kwa nini iliwezekana. Katika Nevada nguvu ya kupeleka watu vituoni haikuwa ofisini. Sehemu kubwa yake ilikuwa kwa chama cha wafanyakazi wa hoteli na mikahawa cha Las Vegas, chenye wanachama wapatao 60,000, wapishi na watandika vitanda, wengi wao wahamiaji, ambao huacha kazi kwa muda wakati wa uchaguzi na kuzunguka mitaani kubisha hodi. Watu hao hawakuhitaji cheo cha mwenyekiti ili wasikilizwe, kwa sababu mgombea yeyote wa jimbo lile anajua kwamba bila wao hashindi. Wewe umo katika chama cha wafanyakazi. Ningekuwa mwenzenu kikundini ningeanzia hapo kabla ya kutafuta kiti chochote.

Kuna kosa jingine ambalo wanamageuzi hulirudia, nalo ni kudharau ushindi mkavu wa kanuni. Mwaka 2016 wajumbe wakuu zaidi ya 700, yaani wabunge, magavana na vigogo wa chama, walikuwa na kura huru kwenye mkutano wa kumteua mgombea urais, na wengi wao walijitangaza kwa Clinton kabla raia hawajapiga kura. Wafuasi wa Sanders walishindwa kumpata mgombea, lakini walibaki kwenye tume ya mageuzi iliyoundwa baada ya hapo, na Agosti 2018, mjini Chicago, kamati ya taifa ya chama ikawaondolea wajumbe hao haki ya kupiga kura katika duru ya kwanza. Hakuna aliyeimba mitaani siku hiyo. Kura ile ilipatikana kwa miaka miwili ya vikao vinavyosinzisha, na waliovivumilia ndio walioipata.

Sasa nikuambie mabaya, usije ukasema hukuonywa. Pesa zitakuja dhidi yenu mara mtakapoanza kushinda: mwaka 2024 kundi moja la nje lilitumia zaidi ya dola milioni 14 kumwondoa mbunge wa mrengo wa kushoto, Jamaal Bowman, katika mchujo wa wilaya moja tu ya ubunge huko New York. Kushinda mchujo nako si kushinda uchaguzi. Mjini Buffalo mwaka 2021 mgombea wa mageuzi aitwaye India Walton alimbwaga meya aliyekuwapo, Byron Brown, katika mchujo wa Juni. Meya akarudi Novemba kwa kura za kuandikwa jina kwa mkono na kumshinda. Ukichimba utakuta kwamba mchujo ule ulipigwa na wachache, na kazi ya kuwafikia waliobaki nyumbani ilikuwa bado haijafanyika.

Mambo mawili ya utekelezaji, kwa haraka. Mchujo wa Pennsylvania umefungwa: aliyejiandikisha bila chama hawezi kupiga kura ya kuteua mgombea wa Democratic, kwa hiyo wale wenzenu wanaojivunia kutokuwa na chama wamejifungia nje wenyewe. Na kwa kuwa najua kikundi cha wahamiaji hakikosi mwenye ukaazi wa kudumu ambaye bado hajala kiapo cha uraia, mwambieni kwamba kubisha hodi na kugawa vikaratasi anaruhusiwa, lakini kujiandikisha kupiga kura haruhusiwi, hata kwa bahati mbaya kwenye dirisha la leseni ya udereva, ambako mtu huulizwa pia kama anataka kujiandikisha. Watu wamepoteza ukaazi wao kwa kosa hilo.

Rudi kwenye kikao kijacho, Mama N., na usiende peke yako.

SWALI: Mimi ni Mkenya ninayeishi Minneapolis. Huko kwetu mwanasiasa akikosa tiketi anasajili chama kingine kabla ya Ijumaa. Kwa nini wanamageuzi wa Marekani wasianzishe chao, badala ya kuhangaika na chama kisichowataka? — Msomaji, Minnesota

JIBU: Kwa sababu ya namna kura zinavyohesabiwa. Mwenye kura nyingi huchukua kiti chote, na chama cha tatu huishia kupunguza kura za yule anayekaribiana naye. Mwaka 2000 George W. Bush alipata Florida, na pamoja nayo urais, kwa kura 537. Katika jimbo hilohilo Ralph Nader wa chama cha Kijani alipata zaidi ya 97,000. Hatuwezi kuapa kwamba wote hao wangemfuata Al Gore, mgombea wa Democratic, lakini ilihitajika sehemu ndogo mno.

Lakini sitaki kukukatisha tamaa kabisa, kwa maana ipo mianya, na mmoja uko kulekule Philadelphia. Katiba ya mji inaruhusu kila chama kusimamisha wagombea watano tu kwa viti saba vya baraza vinavyochaguliwa na mji mzima, hivyo viwili lazima viende kwa chama kingine, navyo kwa miongo mingi vilikuwa vya Republican. Chama cha Working Families, chama kidogo cha mrengo wa kushoto, kilikiona kile ambacho wengine hawakukiona: kwamba katika mji uliojaa Democrat kinaweza kuwania nafasi ya pili badala ya ya kwanza. Kendra Brooks alichukua kiti kimoja mwaka 2019, Nicolas O'Rourke akachukua cha pili 2023. Wengi waliowapigia kura na kuwafanyia kampeni ni walewale wanaopigania mageuzi ndani ya Democratic. Mtu anaweza kulima mashamba mawili ikiwa yamepakana. Ugumu wa kwenu Kenya ni kwamba chama kipya huwa cha mtu, na mtu akihama shamba linabaki pori.

SWALI: Zohran Mamdani, kijana mzaliwa wa hapa Kampala, amekuwa meya wa New York. Je, hilo halithibitishi kwamba mgombea mmoja mwenye mvuto anatosha? — Msomaji, Kampala

JIBU: Fahari ni yenu, nasi wa Dar tunaomba kipande, maana baba yake, Profesa Mahmood Mamdani, alifundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam miaka ya 1970. Mvuto anao, na video zake tuliziona sote. Lakini kabla ya mchujo wa Juni 2025 alikuwa amekwisha kufanya kazi katika kampeni za wagombea wengine, ikiwamo ile ya mchungaji Khader El-Yateem aliyewania udiwani Brooklyn mwaka 2017, akashindwa, na nyingine ya useneta wa jimbo mwaka uliofuata, ambayo nayo ilishindwa. Tawi la wanasoshalisti wa New York lilikuwa likijifunza katika kampeni za namna hiyo jinsi ya kugawa mitaa, kuandika majibu ya kila mlango na kurudi wiki inayofuata. Alipojitokeza yeye, makumi ya maelfu ya watu wa kujitolea walikuwa na mahali pa kupangwa. Jina la El-Yateem halitajwi sana siku hizi, ingawa sehemu ya wale waliobisha hodi kwa ajili ya Mamdani walianza kubisha kwa ajili yake.